UZI: Dharura hatufuati nani amefika kwanza. Ushauri kutoka kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Muuguzi wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Jukwaa hili la afya nalisoma miaka mingi, mara nyingi nikiwa kwenye daladala natoka zamu. Juzi mwenzetu mmoja alilalamika hapa kwamba alimpeleka mdogo wake dharura amevunjika mkono, wakakaa kwenye benchi saa tatu nzima huku watu waliofika nyuma yao wakipitishwa ndani. Wachangiaji wakahitimisha kwamba wauguzi hawana utu, wanachezea simu, na wanaangalia nani ana hela. Niliandika jibu nikalifuta. Leo nipo mapumziko, acha niandike yote.

Huu ni mwaka wangu wa tisa idara ya dharura, hospitali ya rufaa ya mkoa. Sitaitaja. Nianze na mzee mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nibadilishe namna ninavyozungumza na ndugu wa wagonjwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne usiku. Bodaboda mbili zilikuwa zimegongana, majeruhi wanne wameingia kwa mpigo, na tulikuwa wauguzi watatu. Binti akamleta baba yake kwa bajaji. Mzee wa miaka sitini na kitu, kanzu safi, anatembea mwenyewe. Nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, akasema ni kiungulia tu kinamsumbua tangu jioni na mwili umechoka. Mapigo 96, kupumua 20, oksijeni kwenye kile kibanio cha kidoleni 95, presha ya kawaida. Nikampa rangi ya njano, yaani aonwe ndani ya saa moja, nikamwelekeza benchi. Sikumuuliza kama ana kisukari. Alikuwa nacho, mwaka wa kumi na mbili.

Baada ya kama dakika ishirini binti akaja: "Dada samahani, baba anatoka jasho." Nilikuwa nimeshika chupa ya damu ya majeruhi, nasoma namba ya lebo na mwenzangu. Nikamjibu bila kugeuka: "Mtaitwa mama, kaeni." Akarudi. Hakuja tena.

Aliyekuja ni mlinzi. Alimwona mzee anateleza kutoka kwenye benchi. Tulipomgusa kanzu ilikuwa imelowa mgongo mzima, mikono ya baridi kama chuma. Tukampandisha kwenye machela, tukampima umeme wa moyo, na karatasi ilipotoka kila mtu alinyamaza. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuupata bila yale maumivu ya kifua mnayoyajua, kwa sababu sukari ya muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa ya maumivu. Kinachobaki ni kiungulia, jasho na uchovu.

Mzee alipona, lakini moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Siku ya pili nilimfuata binti wodini kumwomba radhi. Nikamuuliza mbona hukurudi kuniambia hali imezidi? Akasema: "Niliogopa utanifokea, halafu utamchukia baba."

Wakuu, uzi wote huu ni kwa ajili ya sentensi hiyo. Nataka mjue tunachofanya pale, ili mjue pia wakati gani mna haki, tena wajibu, wa kutusumbua.

Muuguzi wa Usiku (naendelea)

Ile meza ya kwanza mlangoni, tunayoiita triaji, si mapokezi ya kuandikisha jina. Pale ndipo tunapoamua nani anaweza kufa ndani ya dakika chache zijazo. Tunapima kupumua, mapigo, presha, joto, tunaangalia kama anaongea na kama anatembea, kama ameumia. Kila kipimo kina alama. Hospitali nyingi Afrika zinatumia mfumo uliotungwa Cape Town mwaka 2004 au unaofanana nao. Nyekundu ni sasa hivi. Chungwa ndani ya dakika 10. Njano ndani ya saa moja. Kijani anaweza kusubiri kwa muda wa hadi saa nne, na bado tukawa hatujavunja utaratibu.

Saa nne, ndugu zangu. Mkiambiwa mapema mtalalamika kidogo, lakini msipoambiwa mtaona mmedharauliwa. Hilo ni kosa letu, tunapanga rangi halafu tunakaa nazo moyoni. Uliza: "Dada, mgonjwa wangu ana rangi gani?" Una haki ya kujibiwa.

Kuhusu ule mkono uliovunjika: unauma sana, silipingi hilo, na dawa ya maumivu ilitakiwa itolewe mapema hata kama daktari bado. Lakini mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi, vidole vina joto, vinacheza, vina rangi yake, huo unaweza kusubiri wakati ndani kuna mtoto anayepumua kwa mbavu. Mkono unaoruka foleni ni ule wenye vidole vya baridi, vilivyopauka au vyenye ganzi, au mfupa unaoonekana nje. Hapo mshipa wa damu au wa fahamu uko hatarini, na saa zinahesabika.

Halafu kelele. Kwenye chumba kilichojaa, ninayemwangalia kwanza ni aliyenyamaza. Anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele. Mtoto aliyekuwa analia na sasa ametulia akimtazama mama yake bila kumwona, huyo ndiye ninayemkimbilia. Ndugu wengi huniambia kwa furaha, "Ametulia sasa, amelala." Naomba msifurahi hadi nimemgusa.

Mama Mapacha

Asante sista kwa kukiri lile la mzee, si wengi wangeandika. Ila simu je? Nilikaa mita mbili kutoka kwa nesi anabonyeza simu na mwanangu ana homa ya 39. Uchungu ule sijausahau.

Muuguzi wa Usiku

Mama pole, na uchungu wako ni halali. Siwezi kumsemea nesi yule. Naweza kukwambia simu yangu inafanya nini usiku mmoja: kumpigia daktari bingwa aliyepo nyumbani, kumtumia picha ya eksirei, kupiga maabara mara tatu kuuliza majibu, kuulizia kama damu ipo, kutafuta gari la rufaa, na kukokotoa dozi ya mtoto kwa kilo zake, maana dozi ya mtoto ukikosea nukta moja umempa mara kumi. Simu ya mezani ipo, mara nyingi haifanyi kazi. Wapo wanaochati, sitawatetea. Lakini kabla hujamhukumu, mwite. Aliyekuwa anakokotoa dozi atainua kichwa.

Na homa ya mtoto: namba peke yake hainitishi sana. Kinachonitisha ni mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, au anavuta pumzi kwa shida. Ukifika na kimojawapo, usiseme "ana homa". Anza na hicho. Neno la kwanza unalonipa mlangoni ndilo linalonielekeza nitazame wapi.

Dereva Boda

Mimi nawaleta sana majeruhi wa barabarani. Kinachonikera ni maswali. Jina, umri, imetokeaje, nesi anauliza, anakuja daktari kijana anauliza, anakuja mkubwa wake anauliza yale yale. Mtu anavuja damu! Halafu PF3, ile fomu ya polisi.

Muuguzi wa Usiku

Kaka, kwanza nikushukuru, kuna watu wako hai kwa sababu yenu.

Maswali: tunarudia kwa sababu majibu yanabadilika. Majeruhi aliyeniambia jina lake vizuri saa tano, akimwambia daktari jina la kaka yake saa tano na nusu, hapo tumejua huenda kuna damu inakusanyika kichwani. Tusingemuuliza tena tusingejua. Jambo la pili, mtu akiwa na hofu anasahau. Mimi ananiambia hana mzio, daktari akimuuliza kwa maneno mengine anakumbuka aliwahi kuvimba uso baada ya sindano ya penisilini.

PF3: majeruhi aje kwetu moja kwa moja, mtu mwingine aende kituo cha polisi kufuata fomu. Mtu anayevuja damu hatibiwi karatasi. Ukiona mtu anamzuia majeruhi mahututi mlangoni kwa ajili ya fomu, ulizia daktari wa zamu au muuguzi kiongozi papo hapo, usizunguke naye na pikipiki.

Na wewe ukifika naye, usiondoke kabla hujanipa dakika moja. Alikuwa anaendesha au amebebwa, alikuwa na kofia, aliruka mbali au aliangukia hapo hapo, alizimia kwa muda gani, mlimkuta anaongea? Hayo unayajua wewe tu. Mara nyingi mnamshusha mnakimbia, mnaogopa kuandikishwa shahidi. Naielewa hofu yenu, lakini maelezo yako ya dakika moja yananionyesha kama nitafute damu tumboni au shingo iliyovunjika. Na ukimkuta barabarani anavuja, kunja kitambaa au shati, gandamiza kwa nguvu usiachie hadi unikabidhi mimi.

Mjomba wa Shamba

Swali langu liko tofauti. Mama yetu alipatwa na kiharusi mwaka jana. Tulifika, daktari akashikilia swali moja tu: saa ngapi? Saa ngapi? Tukaona anatulaumu kwa kuchelewa. Mpaka leo ndugu wanagombana kwa swali lile.

Muuguzi wa Usiku

Pole sana mjomba, wewe na ndugu zako. Hakuwa anawalaumu. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, na dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Zaidi ya hapo hatari ya kutokwa damu kwenye ubongo inakuwa kubwa kuliko faida. Kama mgonjwa ameamka nayo, tunahesabu kuanzia mara ya mwisho mtu alipomwona yuko sawa. Ndiyo maana anang'ang'ania saa. Na kabla ya hapo lazima kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu kiharusi kingine ni mshipa uliopasuka, na ukimpa huyo dawa ya kuyeyusha damu unammaliza. Hospitali nyingi kwetu bado hazina dawa hiyo, zipo hata zisizo na hiyo CT. Nakwambia hivi ili ndugu wajue swali lile lilikuwa la mlango wa matibabu. Hakuna kati yenu aliyeulizwa ili ahukumiwe.

Muuguzi wa Usiku (naendelea, nimeona maswali mengi ya faragha)

Wengi wananiuliza pembeni kuhusu kuficha mambo. Niseme wazi. Ukiniambia mgonjwa alikunywa dawa ya miti shamba, sitakusimanga. Ukiniambia binti wa miaka kumi na saba huenda ana mimba, sitamtangazia baba yake, nitamtoa kila mtu nje ya pazia nimuulize mwenyewe. Mwanamke mwenye maumivu ya tumbo na kizunguzungu anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi na damu inajaa tumboni. Nimewahi kupoteza dakika arobaini kwa sababu shangazi alijibu kwa niaba ya mgonjwa kwamba "haiwezekani". Haya mambo yanaua watu wazima na akili zao.

Njooni na dawa zenyewe. Zote, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na makopo na majani. "Ile nyeupe ya presha" haitusaidii, nyeupe ziko mia.

Kuhusu hela. Kadi ya bima haibadilishi rangi ya mgonjwa, mwekundu ni mwekundu. Kinachotokea ni kwamba ndugu mmoja anahitajika dirishani kukamilisha faili wakati mgonjwa yuko ndani, na mtu aliyekuja peke yake anakwama. Njooni wawili kama mnaweza. Usipokuwa na uwezo kabisa, omba uonane na ofisa ustawi wa jamii, kuna utaratibu wa msamaha. Wengi hawajui cheo hicho kipo hospitalini.

Na idadi yetu. Idara ya dharura kama fani bado changa hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua ya kwake Januari 2010, ndiyo idara kamili ya kwanza ya umma, na mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura yakaanza mwaka huo huo. Kuanzia 2021, mkopo wa UVIKO-19 ukajenga majengo ya EMD, yaani idara za dharura, kwenye hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Nayafurahia kwa moyo wote. Ila jengo linakamilika kwa miezi, muuguzi anayejua kumsoma mgonjwa usoni anachukua miaka. Ukiingia kwenye jengo jipya lenye vitanda kumi na ukaona wauguzi wawili, ujue hakuna wengine waliojificha wakinywa chai.

Mama Mapacha

Sista na lile la kutolewa nje? Baba yangu alifariki nimefungiwa mlango. Nilisikia tu mtu anahesabu.

Muuguzi wa Usiku

Mama Mapacha, Mungu amrehemu baba.

Nikueleze ulichokisikia, labda kitakusaidia kidogo. Moyo ukisimama tunagandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikizama kama sentimita 5. Ni kazi nzito, mtu mmoja hawezi kuifanya vizuri zaidi ya dakika mbili, kwa hiyo tunabadilishana. Anayehesabu kwa sauti anahesabu ili mikono isipunguze mwendo na ili wa pili ajue lini anapokea. Mwingine anashughulika na pumzi, mwingine dawa, mwingine anaangalia saa. Mbavu wakati mwingine zinavunjika. Tunawatoa nje kwa sababu chumba ni kidogo na kwa sababu kuona kunaumiza, ingawa mimi binafsi naamini ndugu mmoja akitaka kubaki, asimame pembeni na mtu wa kumweleza, aruhusiwe. Si kila zamu ina mtu wa kumweleza.

Yule uliyemsikia akihesabu alikuwa anampigania baba yako kwa mikono yake. Baadaye mlango ulipofunguka ukaona nyuso kavu. Nakuomba unisadiki: tunanawa, tunavaa glavu nyingine, tunaenda kitanda cha pili kwa sababu kuna mtu pale anatusubiri tukiwa na akili timamu. Mimi nalia bafuni nyumbani, saa mbili asubuhi, kabla watoto hawajajua nimerudi.

Kaka Mtu

Mimi ndiye niliyeandika ule uzi wa juzi wa mkono. Nimesoma yote. Sikujua habari za rangi, hakuna aliyetuambia. Siondoi malalamiko yangu yote lakini nimekuelewa dada.

Sasa niulize. Dogo walimfunga hogo, ile plasta ngumu, jana usiku. Leo tangu saa kumi jioni analia kuliko siku aliyovunjika. Vidonge hatusikii vikisaidia. Vidole vimevimba anasema vina ganzi. Tumepanga tusubiri kliniki ya Jumatatu, tusiwasumbue tena dharura, maana juzi tulishaonekana wakorofi.

Muuguzi wa Usiku

Msisubiri Jumatatu. Ondokeni sasa hivi.

Maumivu yanayozidi dawa, ganzi, uvimbe ndani ya hogo: nyama zinabanwa na damu haipiti. Zikipita saa nyingi mkono unaharibika moja kwa moja. Akikunja na kunyoosha vidole je, anapiga kelele?

Kaka Mtu

Nikimnyooshea mimi ndiyo anapiga kelele. Tunatafuta bajaji.

Muuguzi wa Usiku

Mkono ukae usawa wa kifua, usiuninginize chini wala msiunyanyue juu. Asile wala asinywe kitu njiani, huenda wakahitaji kumpeleka chumba cha upasuaji. Mezani msiseme "amekuja kwa mkono". Semeni: "Hogo la jana, vidole vina ganzi, maumivu yamezidi dawa, naomba aonwe sasa." Ukiambiwa mtaitwa, simama hapo hapo rudia maneno hayo hayo. Usiogope sauti ya mtu. Ukiona hapiti, omba muuguzi kiongozi wa zamu.

Dereva Boda

Mko wapi? Kama ni upande wa stendi kuu nipo na boda.

Kaka Mtu

Tumepata bajaji, tuko njiani. Asante mkuu.

Mama Mapacha

Tupeni taarifa jamani, silali.

Kaka Mtu

Tumefika. Nimesema kama ulivyoniandikia. Dada wa mezani ameshika vidole vyake mara moja tu, ameita mtu, wamempitisha. Hapa nilipo nasikia mashine inakata hogo.

Muuguzi wa Usiku

Kaa karibu na mlango. Wakishalikata muulize dogo ganzi inapungua au iko vile vile, halafu umwambie daktari atakachokujibu. Mimi bado niko macho.